Bangi ya Kisaki: anayefungwa ni mwenye jembe

(Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana hapa Kisaki. Salamu na utambulisho nimeviruka, mengine nimeyaacha kama nilivyoyatamka.)



Najua kuna mtu hapa anajiuliza: huyu kijana wa upinzani anakuja kuongelea bangi hadharani, anatafuta nini? Natafuta tuongee ukweli tu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya walikuja huku kwetu, wakafyeka mashamba ya bangi na kuyachoma. Kisaki ikatajwa kwenye taarifa ya habari nchi nzima. Sasa tukinyamaza tutakuwa tunamficha nani?

Sijaja kuisifia. Kila mmoja wetu anamjua kijana ambaye bangi imemvuruga akili. Na anayechepusha maji huko juu amwagilie bangi yake, anamkausha mwenye mpunga huku chini. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Hapo sina ubishi na serikali.

Ubishi wangu uko kwa nani anayekamatwa.

Angalieni kazi yenyewe ilivyo. Tajiri anatoa mbegu na hela ya unga, halafu anakaa mjini. Kijana ndiye anayelala porini miezi, analima, anavuna, anakausha, anafunga kwenye viroba, mwingine anabeba usiku. Gari la operesheni likija, shambani yuko nani? Mwenye jembe! Tajiri anaona moshi kwenye televisheni kama mimi na wewe, msimu ujao anatafuta kijana mwingine.

Na sheria ya mwaka 2015 haichezi. Watu wanakwenda jela miaka 30 kwa shamba la bangi. Pigeni hesabu: aliyeingia ana miaka 22 anatoka ana 52. Mtoto aliyemwacha mgongoni kwa mama yake, anamkuta naye ana watoto.

Mnasema alitamani utajiri wa haraka. Wengine sawa. Lakini tembo wakitoka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wakamaliza mahindi yako usiku mmoja, unaandikiwa kifuta jasho. Jina lenyewe linajieleza, si fidia, ni leso! Ufuta ndio tegemeo letu, ila mwenye mgonjwa ndani anauuza ukiwa bado shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Tajiri wa bangi anajua mwezi huo. Ndipo anapobisha hodi.

Wenzetu wanafanyaje? Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura Vienna, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa mwaka 1961, kwa sababu ya matumizi ya dawa. Lesotho walianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe wakafuata 2018, Malawi 2020. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akilima nyumbani kwa matumizi yake binafsi si mhalifu, na mwaka 2024 ikawa sheria. Kuuza bado ni kosa.

Lakini msikimbilie kupiga makofi. Huko Lesotho leseni ilikuwa ya maelfu ya dola, wakaingia wenye mitaji kutoka nje. Mkulima wa mlimani aliyekuwa analima miaka yote kwa kificho akabaki na kificho chake. Kwa hiyo mtu akija hapa kuwaambia "tukihalalisha tutatajirika," muulizeni leseni atachukua nani. Mimi binafsi nadhani Kisaki tungeambulia vibarua.

Ninachotaka chama chetu kikibebe ni kidogo zaidi, na kinawezekana. Sheria imtofautishe kibarua na mwenye mtaji, na hakimu apewe nafasi ya kuangalia huyu aliye mbele yake ni nani. Operesheni ikimaliza kuchoma, ifuate hela ilikotoka: simu zipo, miamala ipo. Tena, afisa ugani afike kule kulikofyekwa, maana shamba lililochomwa bila mbegu nyingine linarudi kuwa lilelile mvua zikinyesha. Na tembo walipiwe kwa thamani ya kilicholiwa.

Nawaomba vijana wawili kutoka kila kitongoji wabaki baada ya kikao. Tuandike majina ya walioliwa mazao na tembo msimu huu, ekari ngapi, wamelipwa au bado. Karatasi hiyo tutaipeleka halmashauri wenyewe, mkononi. Hatumtaji mtu yeyote wa bangi, msiogope.

Sasa maswali. Mama pale nyuma ulinyoosha mkono mapema, karibu.