Daftari la Mechi Lisimsahau Anayelinda

(Mazungumzo na vikundi vyenye timu za vijana)



Leo nataka tuzungumze juu ya mpira wa kikapu. Mnajua zawadi hutolewa vipi mashindano yakiisha. Mwenye pointi nyingi huitwa mbele, akapigiwa makofi, akapewa jezi. Na yule kijana aliyeshinda akimfuata mfungaji hodari wa upande wa pili mpaka akamchosha? Huyo anarudi nyumbani na vumbi lake, na mwaka unaofuata haji. Mimi nimewapoteza vijana namna hiyo, na daftari lilikuwa mkononi mwangu.

Hata wakubwa wamekosea hapa. Huko Marekani, Bill Russell aliichezea Boston Celtics misimu 13, kutoka 1956 hadi 1969, na timu ikachukua ubingwa mara 11. Sifa yake kubwa ilikuwa kuzuia mipira isiingie kikapuni. Alizuia mingapi? Hesabu rasmi haipo! Ligi ya NBA ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa msimu wa 1973-74, yeye akiwa ameshastaafu.

Baadaye akaja Shane Battier, aliyejiunga na Houston Rockets mwaka 2006. Ukisoma karatasi ya mechi ungesema huyu ni wa kawaida tu. Katika maisha yake yote ya NBA hakufikisha wastani wa pointi 9 kwa mechi. Lakini wakubwa wa Houston waliona kwamba akiwa uwanjani timu hufanya vizuri zaidi. Alijifunza kila mfungaji hupenda kurusha kutoka wapi, akamsukuma kwenda pale asipopapenda, kisha akanyoosha mkono mbele ya macho yake. Hayo yote hayana safu katika karatasi. Mwaka 2012 na 2013 alikuwa bingwa na Miami Heat.

Sasa, waliona vipi? Hesabu yenyewe ni rahisi, hata mwanafunzi wa shule ya msingi ataiweza. Tuseme kijana wetu akiwa uwanjani tumefunga pointi 30, tumefungwa 22. Hapo ana nane za juu. Akiwa kwenye benchi tumefunga 18, tumefungwa 25. Hapo timu imepungukiwa saba. Huyo kijana hata kama hakutia mpira mmoja kikapuni, kuna kitu anafanya, si ndiyo?

Lakini ngojeni kidogo, msikimbie na hesabu hiyo. Mchezaji hafifu akiingia kila mara pamoja na watu wanne hodari, naye ataonekana hodari. Na yule anayewapumzisha wenzake wakati wapinzani wamepamba moto ataonekana mbaya bure. Ndiyo sababu wataalamu hutumia kompyuta kulinganisha nani alikuwa na nani, na dhidi ya nani, kwa mamia ya mechi. Mechi moja haisemi kitu. Hata tano mimi naona ni chache.

Sisi kompyuta hatuna, lakini kalamu ipo. Kila mnapobadilisha mchezaji, andikeni pointi za pande zote mbili wakati huo na majina ya watano walio ndani. Pembeni chora vijistari: nani amegusa pasi ya adui ikapotea, nani ameukimbilia mpira uliokuwa ukitoka nje, nani amesimama imara akagongwa, refa akampa mpira. NBA yenyewe ilianza kutangaza hesabu za namna hii mwaka 2016 tu, kwa hivyo hamjachelewa sana. Mwishoni mwa msimu, kocha akae na daftari kabla ya kutaja wa kupewa jezi, na pointi aziangalie vilevile, maana bila kufunga hakuna ushindi.

Jambo la mwisho: anayeshika kalamu asiwe mzazi wa mchezaji. Tumeshagombana kwa hilo.