Meza ya Ufundi Kwanza

(Hotuba iliyosomwa na mhitimu mwenzetu katika mkutano wa mwaka wa wahitimu. Tunaichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mliokaa sakafuni kwa sababu viti tumevikalia sisi:

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta. Mtaniwia radhi, nitaanza na betri za tochi.

Nilipoingia kidato cha kwanza hapa mwaka 1994, jenereta la shule liliwashwa saa moja jioni na kuzimwa saa tatu. Baada ya hapo umeme wote wa bweni ulikuwa ndani ya betri. Kila mtu wa rika langu aliyekulia upande huu, kutoka milima ya Umatengo hadi ufukweni Liuli na Mbamba Bay, anajua kwamba betri iliyokwisha haitupwi. Inaanikwa juani. Ikipata joto, dawa iliyomo ndani hufanya kazi upesi zaidi, na nguvu kidogo hurudi.

Betri mpya ina volti 1.5. Iliyochoka hubaki na volti 1 hivi. Redio ya betri nne inataka volti 6. Basi ukipanga betri sita zilizochoka ndani ya mwanzi uliopasuliwa, ukazikaza kwa mpira wa baiskeli na kuvuta waya mbili hadi kwenye redio, umepata volti zako 6 bila kwenda dukani. Tuliyafanya hayo kabla mwalimu wa fizikia hajafika kwenye mada ya umeme. Jambo moja tu lilitutatiza: kwa nini redio ile husema vizuri kwa sauti ya chini, lakini ukiongeza sauti inakoroma na kuzima? Jibu lilikuja kidato cha tatu. Betri chakavu ina ukinzani mkubwa ndani yake. Ukiidai mkondo mwingi, volti zinaanguka. Mwalimu hakuhitaji kueleza mara mbili, maana swali tulikuwa tumelala nalo bwenini miaka miwili.

Si kila jaribio lilifaulu. Usiku mmoja niligeuza waya, chanya nikaipeleka kwenye hasi. Redio ikatoa harufu, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Mwenye redio hiyo yuko hapa leo, safu ya tatu, na naona anacheka. Mwaka ule hakucheka. Nililipa deni lake kwa kuchuma kahawa likizo nzima ya Juni.

Baadaye mwenzetu mmoja alirudi kutoka Songea na gemu ya matofali, ile ndogo ya kushika mkononi, ambayo vipande vinashuka nawe unavipanga. Mchezo huo ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, lakini sisi tuliamini umetoka Songea. Mwalimu wa zamu aliutaifisha mara mbili. Shida kubwa zaidi ilikuwa kitufe cha kushoto, kilichokufa baada ya kubonyezwa na bweni zima. Tulipofungua tukaona chini ya kitufe kuna kipande cha mpira chenye weusi uliofutika. Kijana mmoja wa kidato cha pili akausugua mpira ule kwa kalamu ya risasi, na kitufe kikafanya kazi. Kalamu ya risasi haina risasi hata kidogo, ndani mna kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kijana yule leo ni mhandisi wa mitambo, nami kila nikikutana naye namkumbusha kalamu ile.

Mifano mingine iko jirani. Ng'ambo ya ziwa letu, wilayani Kasungu, Malawi, William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe alikuta kitabu cha Kimarekani juu ya nishati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akafuata michoro. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha, na dainamo ya baiskeli, alijenga kinu cha upepo kikawasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2007 alisimama Arusha, hapa hapa nchini kwetu, akawasimulia watu wa mataifa. Naomba mtazame orodha ile tena. Ni kitu gani hapo ambacho hakipatikani Mbinga?

Na kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya maskini, niseme neno juu ya Uingereza. Miaka ya 1980 watoto wa huko walikuwa na kompyuta ndogo za nyumbani, na wengi waliandika gemu zao wenyewe, wakinakili programu mstari kwa mstari kutoka magazetini. Kufikia mwaka 2006, Eben Upton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliona kuwa vijana wanaoomba kusoma kompyuta wanakuja wakijua kutumia mashine tu, hawajawahi kuichokonoa. Ndipo wakabuni kompyuta ndogo ya bei nafuu, Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, isiyo na kasha, saketi zake zote zikiwa nje mtoto azione.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kamati yetu imependekeza mchango wote wa mwaka huu ununue kompyuta mpya, ziwekwe katika chumba chenye nondo na kufuli. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018, na umeme si tatizo tena kama zamani. Sipingi kompyuta. Napinga mchango wote. Nathubutu kusema kwamba kompyuta ya bei ghali, ambayo mwalimu anaogopa iharibike, mwanafunzi ataigusa dakika arobaini kwa wiki, tena kwa kidole kimoja.

Nasema hivi nikiwa na kosa langu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi kulikuwa na stoo ya kompyuta chakavu. Mali ya serikali haitolewi ovyo, ina utaratibu wake wa ukaguzi na kibali, nao ni utaratibu mzuri, unazuia wizi. Barua ya kuomba baadhi zihamishiwe shuleni nilitakiwa kuiandika mimi. Nikaiahirisha. Paa likavuja masika mbili. Nilipokuja kutia sahihi, nilitia sahihi ya kuzifuta, na hazikufaa hata kuchomolewa skrubu.

Jana usiku ndugu mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo unataka tuwape watoto takataka?" Hapana, ndugu yangu. Nataka theluthi moja ya mchango inunue meza imara, bisibisi, mita za kupimia umeme na vyuma vya kulehemia vichache, na fundi redio wa mjini alipwe aje Jumamosi mbili kwa mwezi. Vitu vibovu tutavileta sisi, kila mmoja nyumbani kwake vipo.

Walimu wana hofu ya ajali, na hofu hiyo ni ya haki. Basi sheria za meza ziandikwe ukutani: tunafanya kazi kwa betri tu, hakuna kuchomeka chochote ukutani. Televisheni za zamani za kioo kinene hazifunguliwi kabisa, maana huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Betri ya simu iliyovimba haiguswi. Risasi ya kulehemia ni sumu, kila mtu ananawa mikono kabla ya kula.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja hii ipigiwe kura mchana. Pale mlangoni nimeacha sanduku. Mna redio tatu mbovu, gemu ya matofali, na mita yangu ya zamani. Redio ya kijani nimehangaika nayo miezi miwili, imenishinda. Kijana anayetaka kuijaribu anikute hapo baada ya chakula.