Kwa Nini Dawa za TB Humezwa Miezi 6?

Kijidudu cha kifua kikuu, yaani TB, kilichotambuliwa na daktari Robert Koch mwaka 1882, ni cha ukoo mmoja na kile cha ukoma. Vijidudu vya ukoo huu vina ganda la nta linalozuia dawa nyingi kupenya. Tena huzaana polepole: cha TB hugawanyika mara moja hivi kwa siku, ilhali baadhi ya vile vya kuhara huweza kugawanyika kila dakika 20. Vingine hulala tu mwilini. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua miezi 6.

Kikohozi kikiisha mapema, usiache dawa. Vijidudu vilivyobaki vitaamka, na huenda dawa zile zile zisivishinde tena. Katika vituo vya afya vya serikali dawa hizi ni za bure. Maliza dozi, msikilizaji.