Kamba Kwenye Tangi la Nyumbani: Chumvi, Hewa na Dawa ya Mbu

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya walimu, vikundi vya vijana na wafugaji wa samaki kutoka Homa Bay na Migori. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

 

Mimi si daktari wa samaki. Kazi yangu ni kuuliza wanaojua, kisha kuwaletea jibu kwa lugha inayoeleweka. Na swali ambalo limekuwa likija ni hili: mtu ameona kwenye simu kamba wa baharini wa rangi ya kupendeza, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, anayewatoa samaki vimelea. Kamba huyo anaishi kwenye matumbawe ya Bahari Hindi, hata hapa kwetu upande wa Pwani. Sasa mtu anauliza, je, naweza kumfuga nyumbani Mbita au Sori?

Unaweza. Lakini katika nyumba nyingi atakufa wiki ya kwanza, na pesa zako zitaenda naye. Wacha niseme kwa nini.

La kwanza ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Tangi la lita 100 basi linahitaji kilo tatu na nusu. Wengi wakisikia hesabu hiyo wanakimbilia dukani kununua chumvi ya kupikia. Hiyo ni chumvi ya aina moja tu. Bahari ina magnesi, kalisi, potasiamu na vingine vingi kwa vipimo vyake, na kamba anavitumia kujenga ganda na kuendesha mwili. Hata chumvi ya mawe inayotengenezwa kule Kilifi kwa kukausha maji ya bahari haifai, kwa sababu chembe za chumvi zinapoganda, sehemu kubwa ya magnesi hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Inayotakiwa ni chumvi iliyochanganywa maalumu kwa matangi ya samaki wa baharini, inayouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo katika miji mikubwa. Ina bei. Kama bei hiyo inakushinda leo, mwezi ujao itakushinda tena, kwa sababu maji hubadilishwa mara kwa mara.

Kuna kijana mmoja aliniambia, kwa nini tuteseke na sisi tuna ziwa la chumvi hapa hapa? Alikuwa anasema Simbi Nyaima, pale karibu na Kendu Bay. Nilipenda akili yake, lakini hapana. Sisi sote tunaijua hadithi ya kijiji kilichozama kwa kumnyima bibi kizee makao, na tunawaona heroe wakija pale. Maji yale ni ya magadi. Ukali wake ni wa kuchoma ngozi laini, mbali kabisa na maji ya bahari. Kiumbe wa baharini ukimtia mle humalizi kikombe cha chai. Chumvi ya magadi na chumvi ya bahari zinafanana jina tu.

Sasa tuseme umepata chumvi inayofaa na kipimo cha kuipima. Kuna jambo linalowapita wengi: maji yanapokauka, chumvi haikauki. Tangi la lita 100 likipungukiwa na lita 10 kwa joto letu la Januari, chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita sasa imekaribia 39. Mwenye tangi anaona maji yamepungua, anaongeza maji mengine ya chumvi, na hali inazidi kuharibika. Kilichopungua ni maji matamu. Ongeza maji matamu. Yakiwa ya mfereji, yaache wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke kwanza.

Kamba hawezi mabadiliko ya ghafla. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, kamba hapana. Akitoka Mombasa amesafiri zaidi ya kilomita 800 ndani ya mfuko, katika maji ambayo ameyachafua mwenyewe. Usifungue mfuko na kummimina. Uache uelee juu ya tangi hadi joto lilingane, umhamishie kwenye ndoo safi pamoja na maji yake, kisha umdondoshee maji ya tangi kwa mrija mwembamba, tone kwa tone, saa moja hadi mbili. Ndipo umwinue na kumtia tangini. Yale maji ya safari usiyatie.

Na kabla hajafika, tangi liwe limekaa wiki nne hadi sita likizunguka maji bila yeye. Hapa ndipo subira za watu huisha. Uchafu wa kiumbe na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao hawauzwi na tangi. Huota polepole kwenye mchanga, mawe na kichujio. Ukitia kamba siku uliyonunua tangi, umemweka kwenye nyumba isiyo na choo.

Siku moja utaamka ukute kamba amelala chini, mweupe, hasogei. Usilie bado. Mguse kwa kijiti. Mara nyingi ni ganda tupu, mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe akiwa laini, anasubiri ganda jipya likauke. Mwachie maficho, na hilo ganda liache humo, huenda akalila.

Kuhusu hewa, wafugaji wa vizimba mnanizidi. Mwaka wa 2022 samaki wengi walikufa vizimbani katika ziwa letu upande wa Kenya, na watafiti wa KMFRI wakataja upungufu wa oksijeni. Sheria ya tangi ni ile ile. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Pwani. Stima ikipotea usiku, pampu inanyamaza. Nunua pampu ndogo ya betri kabla ya kununua kamba. Mwenye tangi lililojaa viumbe bila pampu ya akiba anacheza kamari.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo.

Kamba ni ndugu wa mdudu. Kinachoua mbu kinamuua yeye, na kwa kiasi kidogo sana. Ukipuliza dawa ya mbu sebuleni, matone yanatua kwenye maji, na pampu yenyewe inavuta hewa ya chumba na kuipeleka ndani. Ukifunika tangi kwa chandarua kilichotiwa dawa, au ukitumia kipande chake kumvua kamba, umemuua kwa mkono wako. Hata dawa nyingine za kutibu samaki zina shaba, na shaba kwa kamba ni sumu. Soma karatasi ya dawa kabla ya kutia.

Lakini nisikilizeni vizuri. Kaunti zetu hizi mbili ni eneo la malaria. Migori ilipuliziwa dawa kwenye kuta za nyumba mwaka wa 2017, na Homa Bay mwaka wa 2018. Wapuliziaji wakija mlangoni, asitokee mtu akasema nyumba yangu isipuliziwe, nina kamba. Mtoto wako ni wa kwanza. Wapuliziaji hutoa taarifa mapema na huwaomba mtoe vyombo nje. Siku hiyo zima pampu ya ndani, mhamishe kamba kwenye ndoo yenye kifuniko na pampu ya betri, mpeleke kwa jirani ambaye nyumba yake haipuliziwi siku hiyo. Tangi lifunikwe kwa plastiki hadi chini. Asirudishwe kabla dawa haijakauka na chumba hakijapata hewa ya kutosha. Na usiku lala ndani ya chandarua. Kama huwezi kumlinda kamba bila kuacha chandarua, basi usifuge kamba.

Kwa shule na kwa vijana wanaoanza, ushauri wangu ni ochonga. Najua wengi mmecheka. Ochonga mnamwona kama takataka ya omena, kitu cha kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Lakini ni kamba kamili, mzaliwa wa ziwa hili. Mbuta walipowamaliza fulu miaka ya 1980, yeye aliongezeka, na mbuta wadogo wakawa wanamla. Anavumilia maji yenye hewa kidogo kuliko samaki wengi. Hahitaji chumvi hata kijiko. Anakula ukijani wa kwenye mawe na mabaki. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, na mwanafunzi anaweza kuyaona kwa lenzi ya kawaida. Waombe wavuvi wa omena wakuwekee wachache walio hai kwenye ndoo ya maji ya ziwa, asubuhi na mapema. Kuanzia Aprili hadi Julai omena haivuliwi, kwa hiyo panga mapema. Kuhusu dawa ya mbu na shaba, naye ni yule yule.

Na ukichoka na tangi? Usimwage chochote ziwani, maji, mimea wala kiumbe. Gugu maji ni ua la kupendeza kutoka Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya urembo wake. Likaonekana katika ziwa hili karibu na mwaka wa 1990, na wavuvi wa ghuba yetu hawahitaji niwaeleze yaliyofuata. Maji ya tangi mwaga kwenye udongo mbali na mto. Yakiwa ya chumvi, yamwage pasipo na mboga. Kiumbe usiyemtaka mpe mwenye tangi mwingine. Na kabla ya kuleta kiumbe hai yeyote kutoka nje ya ziwa, pita kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako umuulize kuhusu kibali.

Nimeona mikono mitatu pale nyuma. Tuanze na mama mwenye leso ya kijani.