Kuburudika kwa Moyo Uliochoka

Mazungumzo ya leo yahusu uchovu, lakini si ule wa mikono na miguu ambao huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Ni uchovu wa mtu aliyemwamini Mungu miaka mingi, ambaye sasa akipiga magoti haoni neno la kusema. Huenda kanisani kwa sababu alizoea kwenda, na wenzake wakiimba, yeye hufumbua kinywa tu.

Watu wa Kitui na Makueni waujua uchovu huu, kwa maana nchi yao ni nchi ya kungoja mvua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikuwa haba mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya, wala Ukambani haukuokoka. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba. Ng'ombe waliokonda waliuzwa kwa bei ya kutupa. Akina mama walitoka alfajiri pamoja na punda wao kutafuta maji, wakarudi jua likiwa kichwani.

Hata hivyo, wengi husimama imara wakati wa shida yenyewe. Kila siku ina kazi yake: maji yatafutwe, mtoto apewe uji, mbuzi waliosalia wapelekwe malishoni. Mtu huanguka baadaye. Mvua imekwisha kunyesha, majirani wanapanda kunde na mbaazi kwa furaha, naye aketi mlangoni akiwa hana nguvu hata ya kushika jembe, tena aona haya, kwa kuwa hana sababu ya kuwaambia watu.

Mtu wa namna hii na asome tena habari za Nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Eliya alivumilia ukame wa miaka mingi bila kukata tamaa. Alishindana na manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, akashinda, kisha mvua kubwa ikanyesha. Ndipo, baada ya mvua, alipokimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Na yafaa kuangalia sana jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumhubiria. Alimwacha alale, akampelekea malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye kabisa, huko Horebu, tena kwa sauti ndogo.

Wako wahubiri ambao wakimwona Mkristo aliyechoka humwambia kwamba imani yake ni haba, na kwamba akikaza kuomba kwa sauti kuu atapona leo hii. Pengine wana nia njema, lakini wanamwongezea mzigo mtu ambaye tayari hawezi kuuchukua ule alio nao. Malaika wa Eliya alikuwa na busara kuliko wao.

Katika Kitui yenyewe kuna habari nyingine inayofanana na hiyo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikufa, akawazika huko pwani. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mkuu na mfanya biashara mashuhuri, na mwezi wa Desemba aliuona mlima Kenya kwa mbali. Mwaka 1851 alirudi akitumaini kuanzisha kituo cha misheni katika Ukambani. Alisafiri na Kivoi kuelekea mto Tana, na karibu na mto huo wanyang'anyi wakawashambulia. Kivoi aliuawa, watu wake wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini.

Alifika mtoni akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alitia maji katika mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Kisha akashika njia ya kurudi Kitui, akijificha mchana na kutembea usiku. Maji yakamwishia. Alipokuwa karibu kushindwa na kiu alisikia kelele za nyani, akajua kwamba mahali penye nyani hapakosi maji. Akaufuata mto mkavu, akaona shimo ambalo nyani wamelichimba katika mchanga, na ndani yake maji. Alimshukuru Mungu, akanywa, akaifunga baruti yake katika leso ili pembe ya baruti ipate kujazwa maji.

Hapo Krapf hakupewa zaidi ya hayo. Alipofika kwa watu wa Kivoi walimshuku, akalazimika kutoroka. Alifika pwani mwezi wa Septemba, na kile kituo cha Ukambani hakukianzisha kamwe. Mwaka 1853 aliondoka Afrika ya Mashariki kwa sababu ya afya yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba aliyeburudishwa na Mungu amekwisha kuondolewa taabu zote. Peter Cameron Scott, aliyeanzisha misheni ya African Inland huko Nzaui, katika Makueni, mwaka 1895, alikuwa amemzika ndugu yake huko Kongo kwa mikono yake mwenyewe, akarudi Ulaya mgonjwa, kisha akapata moyo wa kuja tena Afrika. Naye alikufa Nzaui Desemba 1896, umri wake haujatimia miaka thelathini. Wenzake nao walipunguka, wengine kwa kifo na wengine kwa maradhi, hata kazi ikawa karibu kuzimika. Haikuzimika.

Wakaao kando ya mto Tiva au mto Thwake hawahitaji kufundishwa habari za maji ya mchangani. Wakati wa kiangazi mtu huchimba, na kwanza hupata mchanga mkavu, halafu mchanga wenye unyevu. Maji ya kwanza ni machafu, huyamwaga. Kisha hungoja. Maji hujikusanya polepole, naye huyateka kwa kata, moja moja, mpaka mtungi ujae, na asiyekuwa na subira hurudi nyumbani na mtungi mtupu. Ndivyo yalivyo maombi ya aliyechoka. Neno moja asubuhi latosha. Kama hana neno, na akae kimya mbele za Mungu, ale chakula chake, alale mapema.

Tena Eliya alidhani amebaki peke yake. Mungu alimwambia kwamba wako watu elfu saba wasiomsujudia Baali, akampa na mtu wa kumsaidia, Elisha, ambaye alimkuta akilima kwa ng'ombe. Katika Ukambani msaada wa namna hiyo una jina lake tangu zamani: mwethya, yaani majirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao. Kwa mwethya vijiji vingi vya Kitui na Makueni vimejenga kuta za mawe na saruji katika mito ya mchanga, ili maji ya mvua yasikimbie yote, na makanisa yamekuwa na sehemu yao katika kazi hiyo.

Wazee wa kanisa wakisikia kwamba mama fulani hatoki tena nyumbani, wasimpelekee hotuba. Waende watu watano au sita na majembe na ng'ombe wa kulima, mapema, kabla ya jua kuwa kali. Mmoja aombe kwa maneno machache, wengine waanze kazi. Mama huyo akitaka kulia, aachwe alie. Akitaka kupika muthokoi, asaidiwe kuni. Jioni waende zao, shamba limekwisha kulimwa, na Jumapili mtu mmoja apite kwake njiani, amwulize kama atakuja.