Pamba Haipandi Mlima

Msikilizaji, uwe Bariadi mjini, Maswa, Meatu, Itilima au kule Lamadi ziwani, sogeza redio. Leo nazungumza na wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wazazi, maana likizo ya Juni inakaribia na swali linalonifuata kila mahali ni lilelile: watoto wa Simiyu wanaweza kupanda Kilimanjaro?

Wanaweza. Mimi nilipelekwa nikiwa kidato cha tatu, na kilele sikukiona. Nitawasimulia.

Najua Juni ni mavuno ya pamba na mikono ya watoto inahitajika shambani. Lakini masika yanakuwa yamekwisha na mlima umekauka, kwa hiyo mzazi itabidi apime mwenyewe.

Tumezoea ziara ya Ndabaka: asubuhi mnaingia Serengeti, mnahesabu nyumbu, jioni mko Lamadi mnakula samaki. Hii ya Kilimanjaro inaanza na barabara ndefu: Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, kisha Katesh. Mwalimu, hapo Katesh mwombe dereva asimame. Mlima mnaouona ni Hanang, zaidi ya mita 3,400. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wake uliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mjini, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mtoto wetu aliyekulia mbugani, ambako maji hupanda taratibu na ng'ombe huhamishwa mapema, asimame pale aone kwamba mlima nao hutembea.

Sasa begi. Hapa ndipo ninapogombana na wazazi. Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba imetusomesha, pamba imetuezekea mabati. Lakini pamba haipandi mlima. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, inaganda mgongoni, na upepo ukivuma inakunyonya joto lote. Jinzi ni pamba hiyohiyo, tena nzito. Nenda mnadani siku ya mitumba, chambua sweta la sufu, koti la mvua, na fulana za kitambaa kile cha jezi ya mpira kinachokauka upesi. Buti nunua mapema uzivae mwezi mzima ukienda shule. Malengelenge yakutoke nyumbani, yasikutokee mlimani.

Na michembe. Sitanii. Viazi vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani vimewavusha watu wa kwetu miaka mingi ya njaa. Ni vyepesi, haviozi, na vina wanga ambao mwili unauhitaji kule juu. Matobolwa ndiyo bora zaidi, maana yalishachemshwa, unatafuna tu. Maharage yaacheni nyumbani. Kituo cha Kibo, mita 4,700 na ushee, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100, na maharage yatakutazama usiku kucha bila kuiva.

Sababu ni hewa. Watu husema kule juu hakuna oksijeni. Si kweli. Katika kila sehemu 100 za hewa, 21 hivi ni oksijeni, iwe Bariadi, iwe kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo. Chukua gunia la pamba lililojazwa: ya chini imeshindiliwa na uzito wa ya juu yake, ile ya mdomoni imelegea, ukichota konzi moja unapata nyuzi chache. Hewa nayo imerundikana hivyohivyo. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni. Joto nalo hushuka takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Ziwa letu liko mita 1,134, nasi tumelizidi kidogo tu. Kwetu pakiwa na nyuzi 30 mchana, kileleni ni kama sifuri. Na kileleni watu hufika alfajiri.

Mwili huzoea, ila upewe siku. Njia ya Marangu ina vituo vitatu vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Piga hesabu: mnaongeza mita 1,000 kila usiku, wakati madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita 3,000 usizidishe 500 kati ya usiku mmoja na mwingine. Ndiyo maana siku ya ziada pale Horombo si anasa. Ratiba ya siku tano ni nafuu, na kwa wanafunzi ni ratiba mbaya. Fedha ya siku ya sita ikikosekana, pandeni hadi Horombo mrudi. Hapo tu mtakuwa mmeipita Hanang kwa kimo.

Sisi tulikwenda kwa siku tano. Usiku wa Horombo kichwa kilinigonga kama mashine ya kusaga. Uji nikaukataa, nikajifanya nimeshiba. Mwongozaji akapita akituuliza mmoja mmoja, "Kichwa vipi?" Nikamjibu, "Freshi." Sikutaka wenzangu wanione mnyonge. Kesho yake, kwenye ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, nikaanza kupepesuka kama mlevi wa gongo. Mpagazi mmoja, hao wenyewe wanaitana wagumu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hapandi tena." Wakanishika makwapa, tukashuka. Tulipofika Horombo kichwa kikaachia, nikaomba uji.

Niliona aibu mwaka mzima, hadi niliposoma kwamba Hans Meyer, anayetajwa kufika kilele cha Kilimanjaro wa kwanza mwaka 1889, alikuwa amejaribu 1887 akarudi chini.

Kwa hiyo shikeni hili. Kichwa kikiuma au moyo ukichafuka, sema, baki ulipo, usipande hadi iishe. Lakini kupepesuka, kuongea ovyo, kukohoa povu, au kuhema ilhali umekaa, hayo hayasubiri asubuhi. Mgonjwa ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Lipo moja linalotuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa: selimundu. Kanda yetu ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi nchini. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu za mgonjwa hujipinda mfano wa mundu na kuziba mishipa. Mtoto huyo asipandishwe. Na yule aliyerithi vinasaba kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini haumwi chochote, aonane na daktari kwanza, maana kule juu bandama lake linaweza kukosa damu. Wengi wanavyo na hawajui.

Mwalimu, fomu ya mzazi isiishie kwenye sahihi na kiasi cha mchango. Weka mstari wa majibu ya selimundu, mstari wa pumu, na mstari wa namba ya simu inayopatikana usiku. Nawe mzazi, usiisaini fomu hiyo kabla mtoto hajapimwa.