Kuuliza si Ujinga: Nafsi, Ngeli na Unyanyapaa katika Maktaba ya Watu

1.0 Utangulizi



Wahenga wa Waswahili waliacha methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja huonekana kugombana. Ya kwanza ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Ya pili ni "kuuliza si ujinga". Methali ya kwanza huyapa uzito wa ukweli maneno yanayosemwa juu ya mtu hali mwenyewe hayupo. Methali ya pili humpa asiyejua idhini ya kumwendea anayejua na kumwuliza ana kwa ana. Mhadhara huu unachunguza utaratibu mmoja uliojengwa juu ya msingi ule ule wa methali ya pili, ingawa ulibuniwa mbali na pwani ya Afrika Mashariki: utaratibu unaoitwa Maktaba ya Watu.

Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba unyanyapaa, kwa sehemu kubwa, ni tendo la lugha, na kwamba tendo hilo huishi katika nafsi ya tatu. Mtu hunyanyapaliwa anapozungumzwa. Ni vigumu zaidi kumnyanyapaa anapozungumza. Kwa sababu hiyo, suala la Maktaba ya Watu si la wanasosholojia na wakutubi peke yao. Ni suala la mwanaisimu pia, na mwanaisimu wa Kiswahili analo la kuongeza ambalo huenda mwingine asilione.

2.0 Chimbuko na Utaratibu wa Maktaba ya Watu

Maktaba ya Watu ilianza Denmark. Mwaka 1993, vijana wachache wa jiji la Copenhagen walianzisha chama kilichoitwa Stop Volden, jina lenye maana ya "Komesha Ukatili", baada ya rafiki yao kuchomwa kisu. Rafiki huyo alinusurika. Mwaka 2000, Ronni Abergel na wenzake wa chama hicho walialikwa kuandaa shughuli katika tamasha la muziki la Roskilde. Badala ya kuhutubia umati, waliandaa maktaba ambayo vitabu vyake vilikuwa watu. Kwa muda wa siku nne, saa nane kila siku, wageni wa tamasha waliweza kuchagua miongoni mwa "vitabu" zaidi ya hamsini, na wasomaji zaidi ya elfu moja walifika. Askari polisi aliketi na mchoraji wa kuta za mitaani. Mwanasiasa aliketi na kijana mwanaharakati.

Kutoka hapo utaratibu ulienea. Mwaka 2001 ulifika katika tamasha la Sziget, mjini Budapest. Mwaka 2005 Baraza la Ulaya lilichapisha mwongozo kwa ajili ya waandaaji. Mwaka 2006 mji wa Lismore, Australia, ulianzisha maktaba ya kwanza ya aina hii iliyokusudiwa kudumu. Tangu hapo maktaba za umma, vyuo na shule katika nchi nyingi zimeandaa vikao kama hivyo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mtu anayekubali kwa hiari kuwa kitabu hupewa anwani inayotaja hali ambayo kwayo jamii humhukumu: mtu asiyeona, mkimbizi, mtu aliyewahi kufungwa, mtu anayeishi na ugonjwa wa akili. Msomaji huitazama orodha ya anwani, humweleza mkutubi anachotaka kusoma, kisha huketi na kitabu chake kwa muda wa nusu saa hivi. Kitabu husimulia kidogo, msomaji huuliza. Msomaji anawajibika kukirejesha kitabu katika hali ile ile aliyokipokea, maana yake asimvunjie mtu heshima yake. Kitabu nacho kina haki ya kukataa swali, na hata kuyakatisha mazungumzo. Pale ambapo msomaji na kitabu hawana lugha moja, huitwa mkalimani, ambaye katika istilahi za utaratibu huu huitwa "kamusi".

Katika Kiswahili jina "Maktaba ya Watu" lina utata unaostahili kutajwa. Kiunganishi -a hubeba maana zaidi ya moja: "maktaba ya vitabu" hutaja kilichomo, ilhali "maktaba ya chuo" hutaja mwenye mali. "Maktaba ya watu" basi yaweza kuwa maktaba ambamo watu wamo, au maktaba ambayo watu ndio wenyewe. Utata huu si kasoro. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kuingia maktabani na kuketi sawa na mwingine si geni Afrika Mashariki.

3.0 Unyanyapaa na Nafsi ya Tatu

Kitenzi "nyanyapaa" kina dhana ya kujitenga na mtu kwa kumwonea kinyaa. Nomino "unyanyapaa" ilipata kusikika sana katika kampeni za kupambana na UKIMWI, na historia ya ugonjwa huo ni mfano mzuri wa hoja ya mhadhara huu. Mitaani ugonjwa ulipewa majina ya mafumbo: "ngoma", "miwaya". Ilisemwa kwamba fulani "amekanyaga miwaya". Yafaa kuangalia kiambishi cha nafsi katika kauli hiyo. Ni a-, nafsi ya tatu umoja. Kauli ilikuwa ya watu wawili wakimzungumza wa tatu asiyekuwapo, au aliyekuwapo asisikilizwe. Kumtazama mtu usoni na kumwambia "umekanyaga miwaya" kungekuwa tusi au uadui. Fumbo hilo lilihitaji umbali, na umbali huo ulikuwa wa kisarufi kabla ya kuwa wa viti na vikombe vya chai.

Vioneshi navyo hufanya kazi hiyo hiyo. "Yule" na "wale" ni vioneshi vya mbali, na mtu aweza kuitwa "yule" hata akiwa ameketi hatua tatu kutoka kwa msemaji.

Kinyume chake kilionekana Uganda mwaka 1989, pale mwanamuziki Philly Lutaya alipojitokeza hadharani na kutangaza kwamba alikuwa na virusi vya UKIMWI. Alizungumza na wanafunzi na waumini hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Habari za ugonjwa zilikwisha kujulikana na watu kabla yake, kwa hiyo jambo jipya halikuwa habari. Jambo jipya lilikuwa nafsi: aliyekuwa "yule" alisema "mimi". Maktaba ya Watu imeufanya mgeuko huo kuwa utaratibu unaoweza kurudiwa na mtu asiye maarufu, katika chumba cha kawaida, mbele ya msikilizaji mmoja.

Tena kuna hatua moja zaidi. Ushuhuda wa jukwaani una "mimi" lakini hauna "wewe": wasikilizaji hubaki kimya, na maswali yao hurudi nao nyumbani. Katika Maktaba ya Watu msomaji hulazimika kuunda swali kwa nafsi ya pili. Aliyezoea kusema "hawa hawataki kufanya kazi" hujikuta akitafuta namna ya kusema "je, wewe ulitafuta kazi wapi?". Wengi hugundua hapo kwamba kauli waliyoibeba kwa miaka haigeuki kuwa swali bila kuaibika. Aibu hiyo ndiyo mwanzo wa kujifunza.

4.0 Ngeli: Kipofu, Kijitu na Kitabu

Wanaisimu wa Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu majina kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, ambayo kwa umbo yamo katika ngeli ya ki-vi. Wapo wanaodai kwamba kiambishi ki- kimewashusha watu hao wakawa vitu. Dai hilo linahitaji tahadhari. Kiongozi, kijana na kinyozi wana kiambishi hicho hicho na hakuna anayeona kwamba wamedharauliwa. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi huwarejesha wote katika ngeli ya a-wa: husemwa "kipofu amefika", si *"kipofu kimefika".

Dharau huonekana pale upatanisho unapobadilika. Anayesema "kijitu kile kimekuja tena" amekusudia kumvua mtu utu wake, na amefanya hivyo kwa viambishi tu. Heshima katika Kiswahili, basi, haikai katika nomino peke yake. Hukaa zaidi katika kitenzi na kioneshi vinavyoifuata.

Hapa ndipo Maktaba ya Watu inapokutana na Kiswahili kwa namna ya pekee. Neno "kitabu" limetoka katika Kiarabu, na ki- yake haikuwa kiambishi. Waswahili ndio walioichukulia hivyo wakapata wingi "vitabu". Mzizi huo huo wa k-t-b umetupa "maktaba", ambayo ni mahali, na "katibu", ambaye ni mtu. Sasa mtu anapokuwa kitabu, upatanisho uwe upi? Mkutubi atasema "kitabu kimeazimwa" au "kitabu ameazimwa"? Atasema "kitabu hiki hakitaki kujibu" au "kitabu huyu hataki kujibu"? Katika lugha nyingi swali hili halizuki. Katika Kiswahili haliepukiki, kwa kuwa kila kitenzi kitakachotamkwa siku hiyo kitamdai msemaji aseme iwapo anaongea juu ya kitu au juu ya mtu. Sehemu ya pili ya mhadhara huu imesema "kitabu nacho kina haki" kwa kufuata umbo la neno, na yawezekana masikio ya baadhi ya wasikilizaji yalishtuka. Mshtuko huo ni sahihi. Pendekezo linalotolewa hapa ni kwamba katika vikao vya Kiswahili upatanisho uwe wa a-wa tangu tangazo la kwanza: kitabu huyu, vitabu hawa.

Suala la anwani ni zito zaidi. Ili mtu aazimwe ni lazima abebe jina la kile kile anachotaka kisiwe jina lake. Ndiyo maana muundo wa anwani una uzito. "Mwathirika" ni nomino inayomfunga mtu katika tukio moja. "Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI" ni kishazi rejeshi chenye kitenzi "ishi" katika wakati uliopo, na kishazi huacha nafasi ya vishazi vingine: anayefundisha, anayelea wajukuu. Vivyo hivyo "mtu mwenye ualbino" badala ya "zeruzeru". Anayedhani kwamba hayo ni mapambo ya lugha na akumbuke miaka ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino nchini Tanzania, yaliyoripotiwa sana kuanzia mwaka 2007. Mitaani baadhi ya watu waliwaita "dili". Neno hilo halikushika panga, lakini lilikwisha kumhamisha mtu kutoka ngeli ya wanaohesabiwa kwenda ngeli ya vinavyouzwa.

5.0 Ushahidi na Mipaka

Je, mazungumzo hubadilisha mitazamo? Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki hasa pale washiriki wanapokuwa na hadhi sawa, lengo la pamoja, ushirikiano, na idhini ya taasisi inayoheshimiwa. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp waliunganisha matokeo ya tafiti 515 na kuona kwamba, kwa jumla, kukutana hupunguza chuki kweli. Mwaka 2012 Patrick Corrigan na wenzake walipitia tafiti 72 kutoka nchi 14 kuhusu unyanyapaa wa wagonjwa wa akili. Kwa watu wazima, kukutana kulikuwa na nguvu kuliko mafunzo, na kukutana ana kwa ana kulizidi kutazama video. Kwa vijana, hata hivyo, mafunzo ndiyo yaliyoonekana kufaa zaidi. Maktaba ya Watu haiwezi, basi, kuchukua nafasi ya darasa.

Mipaka mingine iko wazi. Anayekuja kuazima ni yule ambaye tayari yuko tayari kusikia. Mwenye chuki kali hukaa nyumbani. Pia mzigo wa kueleza humwangukia aliyeumizwa, naye hurudia kisa chake kwa wageni, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu haki ya kukataa swali si adabu ya ziada. Bila haki hiyo, kikao hugeuka maonesho, na kitabu hurudi kuwa kitu cha kutazamwa.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba Maktaba ya Watu hufanya kazi kwa kuwahamisha wazungumzaji kutoka "yule" hadi "wewe" na "mimi", na kwamba Kiswahili, kwa ngeli na upatanisho wake, hufichua kila hatua ya safari hiyo.

Kazi inayobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili ni ya vitendo. Anwani zinahitaji kutungwa pamoja na wenye hali zao, si kwa niaba yao. Viziwi watahitaji wakalimani wa lugha ya alama, na hapo istilahi ya "kamusi" ina funzo. Kamusi ya rafuni humweleza kiziwi katika nafsi ya tatu. Mkalimani, kwa kanuni za kazi yake, hutamka "mimi" kwa niaba ya mwingine, bila kuongeza wala kupunguza. Mwanafunzi wa lugha aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa nusu saa tu hatasahau uzito wa kiambishi ni-.

Waswahili husema "hujafa hujaumbika". Methali hiyo huonya kwamba hali ya "yule" yaweza kuwa ya "mimi" kesho. Kabla kesho haijafika, iko ile methali nyingine: kuuliza si ujinga.